Ubavu wa Kabati la Seva

Seva yetu ya kwanza ilifika Gisenyi ikiwa imelazwa juu ya magodoro mawili nyuma ya pikapu iliyotoka Kigali, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Dereva alikuwa ameendesha polepole hivi kwamba alifika saa tisa badala ya saa sita, na neno lake la kwanza lilikuwa kuomba chai. Mimi na Mzee Athanase tuliipokea langoni. Nilikuwa na miezi miwili kazini.

Ninyi mnaofungua chumba cha seva kwa kugusisha kidole ukutani, nawaandikia mjue jinsi tulivyokuwa tukiilinda mashine siku zile, na jinsi mimi, niliyelipwa kuilinda, nilivyokuwa mtu wa kwanza kuuvunja ulinzi huo. Vyeo nilivyopata baadaye mtavikuta kwenye faili langu. Hili halimo.

Nilizaliwa Bukoba, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Huko nilijifunza kutengeneza redio na taipureta kwenye kibanda cha mjomba wangu. Tuliporudi Rwanda nilikuwa na Kiswahili kizuri, Kinyarwanda cha nyumbani, Kiingereza cha shule ya msingi, na Kifaransa hata cha kusalimia sikuwa nacho. Nilikuwa na mikono. Mzee Athanase alinichukua kwa sababu ya mikono hiyo. Yeye alikuwa fundi wa simu, aliyezeekea kazini Bujumbura, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya kwenye bawaba moja. Kwenye usaili alinipa taipureta iliyokwama, akatoka nje kuvuta sigara, akarudi nikiwa naiandikia jina langu. Hakuuliza swali lingine.

Ofisi ilikuwa katika nyumba ya zamani karibu na njia ya kwenda Petite Barrière, mpaka wa wachuuzi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watoto jamaa zao. Katika miaka ile ya kukimbia na kurudi, familia nyingi zilipotezana, mtoto akabaki Kongo, mama akajikuta Bugeshi upande wa Rwanda, kila mmoja akidhani mwenzake amekufa. Tuliandika maelezo ya wazazi, tukaandika maelezo ya watoto, na mashine ikasaidia kuyakutanisha.

Ndiyo maana ilibidi ilindwe. Mtu akiiba orodha ile angejua kila mtoto asiye na mtu analala wapi. Mzee alinieleza tukiwa tumepiga magoti sakafuni, tukitoboa saruji ili tulikaze kabati la chuma kwa boliti nne ndefu.

"Veneranda, watu wanadhani neno la siri ndilo ulinzi. Neno la siri linamzuia anayeuliza. Mwizi haulizi. Anabeba."

Basi tukaizuia isibebwe. Kabati lilikuwa na mlango wa mbele wenye kufuli. Ndani yake seva nayo ilikuwa na uso wa plastiki ngumu wenye kufuli yake, uliofunika kitufe cha kuwashia, tundu la disketi na zile diski zinazochomolewa kama droo. Bila ufunguo huwezi kunakili kitu wala kuchomoa kitu. Funguo zote mbili zilikuwa kwenye pete moja. Pete ya akiba ilibaki Kigali kwenye sefu, pamoja na bahasha ya neno la siri. Kiwambo na kibodi vilikaa mezani nje ya kabati, kwa hiyo kazi ya kila siku iliendelea bila kufungua chochote. Nilizikaza boliti zile kwa mikono yangu mpaka viganja vikatoka malengelenge, na moyoni nilijua pete ya Gisenyi itakuwa yangu.

Miezi mitatu baadaye akaajiriwa Espérance.

Alikuwa amekulia Goma, ng'ambo tu ya mpaka, msichana wa miaka ishirini na minne aliyeletwa kuandika barua za Kifaransa. Siku ya pili aliona kitabu cha Kifaransa cha maelekezo ya seva juu ya rafu. Mimi nilikuwa nakitazama picha. Yeye alikisoma, mwanzo hadi mwisho, kwa siku tatu, akila mahindi ya kuchoma na kufuta vidole kwenye sketi kila alipogeuza ukurasa. Siku ya nne alikwenda kwa Mzee.

"Mzee, hii mashine iko na kitu muzuri batu hawajawasha. Ndani iko kabutoni kadogo. Mutu akifungua kifuniko, mashine inakumbuka. Ikizimika, haiwezi kuwaka tena mpaka apewe neno ya siri ya mukubwa wake. Bon, niiwashe?"

Mzee alivua miwani. Nilimjua, alivua miwani alipofurahi. Ijumaa ya wiki ile alimpa Espérance pete ya funguo, na neno la siri jipya akaliweka Espérance mwenyewe, nakala yake ikapelekwa Kigali kwenye bahasha.

Nilikwenda uani nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Wivu una macho makali kuliko fundi. Niliona kila kitu. Niliona kwamba Mzee, aliyekuwa akinimiminia mimi chai ya saa nne, sasa aliuliza kwanza, "Espérance amekunywa?" Niliona kwamba wachuuzi wa Cyanzarwe wanaopita na vikapu walimwita kwa jina kupitia dirishani, na mimi niliyetangulia waliniita "ule mama wa Tanzania". Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Alizivaa funguo shingoni kwenye utepe wa bluu, na alipocheka zililia. Alicheka mara nyingi. Mbaya zaidi, alinipenda. Aliniita Yaya Vene, yaani dada mkubwa kwa watu wa Goma, akaniletea sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kutoka kwa shangazi yake, akaniomba nimfundishe kushika chuma cha kulehemu. Nilimfundisha vibaya makusudi. Alijifunza hivyo hivyo.

Siku moja nilipokuwa nikifagia nyuma ya kabati nikaona ubavu wake. Bamba la kushoto lilishikwa na skrubu nne za kawaida, na vichwa vyake vilikuwa nje. Mlango wa mbele kufuli mbili, ubavuni bisibisi ya sokoni! Fundi mwema angekwenda kwa Mzee saa ile ile. Mimi niliendelea kufagia. Nilitaka nimwendee nikiwa na ushahidi, nimwambie mbele ya watu kwamba anayetukuzwa kwa funguo analinda mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Jumapili mchana, baada ya misa, nilimwambia mlinzi nimesahau mwavuli. Nilifungua zile skrubu nne. Seva ilikuwa peke yake kabatini, juu yake nafasi tupu, kwa hiyo kutoka ubavuni niliweza kulegeza skrubu mbili za kifuniko chake, nikakisukuma nyuma na kukiinua. Feni zilikuwa zikivuma usoni kwangu, zikinuka joto na vumbi la mawe ya volkano. Kwa ndani kifuniko kilikuwa na karatasi iliyobandikwa, mchoro wa kila kitu kilichomo, na mishale. Michoro naisoma. Nikaona mahali pa diski, mahali pa kumbukumbu, na kipande kidogo cha plastiki, kama jino la mtoto, ambacho mchoro ulionyesha kufuli iliyokatwa mstari: ukikihamisha, maneno yote ya siri yanafutika.

Nilikitazama muda mrefu. Sikukigusa, na kwa hilo nilijisifu. Nilichomeka karatasi yenye herufi V kati ya nyaya mbili, iwe ushahidi wangu, nikafunika, nikarudisha bamba. Mashine iliendelea kufanya kazi bila kulalamika. Kile kitufe cha Espérance nilikuwa nimekisahau kabisa. Mtu mwenye wivu hasikilizi vizuri mwenzake anapozungumza kwa akili.

Usiku umeme ulikatika, usirudi mpaka betri ya akiba ikaisha. Asubuhi ya Jumatatu, saa mbili na nusu, umeme ulirudi na seva ikajaribu kuwaka. Nilikuwa mbele ya kiwambo. Maandishi yalipanda, yakasimama. Kifuniko kimefunguliwa. Andika neno la siri la msimamizi.

"Mwite Espérance," alisema Mzee Athanase nyuma yangu.

Mlinzi ndiye aliyejibu. Shangazi wa Espérance alikuwa amefariki Goma. Espérance alipita mpakani alfajiri akilia, funguo zikiwa shingoni, na sasa mpaka ulikuwa umefungwa. Miaka ile ulifungwa na kufunguliwa bila mtu kukuomba ruhusa. Simu ilikuwa imekufa pamoja na umeme na haikurudi nao. Redio ilifanya kazi, lakini neno la siri halisemwi redioni, maana kila mwenye redio kati ya hapo na Ruhengeri anasikiliza. Kigali waliahidi kuleta pete ya akiba na bahasha kesho yake.

"Kesho," alisema Mzee, akaketi. Mkononi alikuwa na karatasi ya majina sita, watoto waliovushwa kutoka Kongo wiki iliyopita. Ilikuwa zamu yao kutafutwa kwenye mashine asubuhi ile. Asiyepatikana jamaa angepanda lori kwenda kituo cha Gitarama, na kutoka huko watoto walisambazwa, wakapewa walezi, jalada likafuata polepole au lisifuate. Lori liliondoka saa nne kamili. Barabara haikuwa ya kuchezea, na wasindikizaji hawakumngoja mtu.

Ilikuwa saa tatu. Nilikuwa na saa nzima na nilijua njia: ubavu, kisha lile jino la plastiki. Nitasema kweli kwa kuwa nimezeeka. Nilikaa kimya. Watu wa ofisi walipita mlangoni wakisema, "Amekwenda na funguo? Yoo! Na neno la siri pia?" na kila neno lilinishuka kama uji wa moto kwa mwenye njaa. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko. Nilisema hata, Mungu anisamehe, "Ni mtoto bado."

Saa nne lori lilipiga honi mbili barabarani, likaondoka.

Mzee Athanase hakufoka. Alikunja ile karatasi, akaikunjua.

"Asilaumiwe mtu kwa hili, Veneranda. Funguo nilimpa mimi. Msiba ni msiba. Nitaandika kwamba kosa ni langu."

Akaniwekea karatasi mezani nimtunzie. Nikaisoma kwa kuwa ilikuwa mbele yangu. Jina la tatu: Tuyisenge, mvulana, yapata miaka saba. Jina la baba halijui. Jina la mlima wanakoishi halijui. Anasema nyumbani kwao kuna ng'ombe anaitwa Bihogo, mwenye pembe moja iliyovunjika, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpa chumvi.

Ng'ombe wanaoitwa Bihogo ni wengi. Lakini pembe ile nilikuwa nimeiandika mimi. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimechapa maelezo ya mama mmoja, nikayaingiza kwenye mashine kwa vidole hivi, nikafikiri, huyu mama badala ya kueleza mtoto anatueleza ng'ombe. Jina lake sikulikumbuka. Mlima wake sikuukumbuka. Karatasi zilikuwa zimekwenda Kigali. Mama yule alikuwa ndani ya lile kabati.

Nilisimama. Nikafungua droo, nikatoa bisibisi.

"Unafanya nini?" Mzee aliuliza.

"Nafungua, Mzee."

"Kwa ufunguo gani?"

Nilizunguka kushoto, nikapiga goti, skrubu ya kwanza, ya pili. Zilitoka kirahisi kama kitu kilichofunguliwa jana, na yeye, fundi wa miaka yote ile, alisikia jinsi zilivyotoka. Bamba liliposogea alikuwa amesimama juu yangu. Nilichomoa waya wa umeme, nikainua kifuniko. Karatasi yangu yenye V ilikuwa palepale kati ya nyaya. Tuliiona wote wawili. Nilihamisha jino la plastiki, nikarudisha waya mashine ikawaka, nikauchomoa, nikalirudisha jino, nikafunika, nikauchomeka tena.

Mashine iliwaka bila kuuliza chochote. Nikaandika: Bihogo. Kumi na moja. Nikaandika: pembe. Mmoja. Mama Dative, Bugeshi, chini ya volkano, nyumba ya tatu baada ya kisima cha shule. Mtoto aliyepotea: Tuyisenge.

Printa ilipiga kelele zake, Mzee akaichana karatasi kabla haijamaliza, na mzee yule mwembamba akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla wala baada. Dereva wa pikapu ya ofisi alilifuata lori hadi Kanama. Walilikuta limesimama kando ya barabara kuu, wasindikizaji wakingoja basi dogo lililoharibika liondolewe kwenye kona. Lisingeharibika basi lile, sijui ningekuwa naandika nini leo. Walimleta mtoto saa sita, ameshika gunzi la mahindi lisilo na punje hata moja.

Watoto wengine watano niliwatafuta mchana ule wote. Hawakuwemo. Nimewatafuta tena mara nyingi.

Mzee Athanase aliniita uani.

"Lini?"

"Jana, baada ya misa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno: ukaguzi, udhaifu wa kabati, usalama. Yote yalikuwa kweli.

"Kwa sababu ulimpa yeye," nikasema.

"Ningeweza kukufukuza," alisema, "lakini nani atabadilisha skrubu zile? Mwambie mwenyewe akirudi. Mimi sitamwambia."

Espérance alirudi Alhamisi, amevaa kitenge cha msiba, macho yamevimba. Nilimwambia akiwa bado mlangoni, kwa sababu nikimkaribisha aketi nisingesema. Nilimwambia ubavu, karatasi yenye V, saa nzima ya kukaa kimya, na maneno yale, "ni mtoto bado". Alisikiliza hadi mwisho.

"Yaya Vene, ile ubavu mi niliiona mwezi wa kwanza. Nilimwambia Mzee, hii iko bure, mutu yeyote mwenye iko na tournevis, bisibisi tu, anaingia. Akaniuliza, mutu gani hapa anaweza kufanya vile? Nikamujibu, iko moja tu mwenye mikono ya kufika mule ndani bila kuharibu. Veneranda." Alifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Mzee akacheka. Akasema basi tuko salama."

Halafu akasema, na hapo hakuwa akilia wala kucheka, "Kama ungeniomba, ningekupa. Nilikuwa nakungoja uniombe."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Skrubu nilizibadilisha wiki ile. Niliweka boliti zenye vichwa vya duara upande wa nje na nati zake ndani, hivyo bamba halitoki mpaka mlango wa mbele ufunguliwe. Nilibandika utepe wa karatasi wenye sahihi mbili, yake na yangu, juu ya kila ungio. Neno la siri tuliligawa, nusu yake, nusu yangu. Vijana mliofunzwa chuoni mtasema ni utaratibu unaojulikana duniani kote. Sisi hatukuusoma popote. Ulitokana na watu wawili ambao mmoja wao hakuaminika, na sote watatu tulijua ni yupi.

Wivu haukwisha. Sitawadanganya. Alipoanza kusoma michoro haraka kuliko mimi niliumia, na Mzee alipokufa miaka kadhaa baadaye akiwa ameshikwa mkono na Espérance, kwa kuwa mimi nilikuwa kazini siku hiyo, niliumia nikiwa nalia. Lakini nilijifunza kuutumia kama kipima umeme. Unaporuka, kuna kitu hapo cha kuangalia kabla ya kugusa.

Wiki mbili baada ya lori lile Mama Dative alishuka kutoka Bugeshi kwa miguu. Alikuwa amebeba viazi kwenye kikapu kichwani, na Tuyisenge nyuma yake akiwa amevaa sweta linalofika magotini. Langoni waliulizana na mlinzi, mlinzi akasema mtu wa mashine ni yule mwenye utepe wa bluu. Mama yule akaenda moja kwa moja kwa Espérance, akatua kikapu miguuni pake, akamkumbatia kwa mikono miwili kama tunavyokumbatiana sisi, akimsugua mgongo, akimwita binti yangu, binti yangu.

Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nilijua sistahili kitu katika kikapu kile, na nikakitaka chote.

Espérance alijitoa taratibu. Akamshika mama yule mabega, akamgeuza.

"Maman, si mimi. Mi sikukuwa hapa. Ni huyu njo alimuona mutoto."

Hakuongeza lingine. Hakusema lori lilikuwa limeondoka, wala saa ngapi, wala nani alikuwa amekaa kimya. Mama Dative alinijia, akanikumbatia na kikombe changu, chai ikatumwagikia wote wawili. Kifua chake kilinuka moshi na maziwa. Juu ya bega lake nilimwona Espérance ameinama, anamwuliza Tuyisenge habari za ng'ombe wake, na mtoto anaonyesha kwa kidole urefu wa pembe iliyobaki.